Sitara ya Mtoto na Jicho la Mzazi

Miongoni mwa maswali ambayo simu janja imeyaingiza majumbani, limo moja linaloonekana kuwa la kifundi ilhali asili yake ni ya kimaadili: je, mzazi anayo haki ya kusoma, bila mtoto kujua, mazungumzo ambayo mtoto huyo anayafanya na wenzake katika mitandao ya kijamii? Wazazi wengi wa Afrika Mashariki hulijibu kabla halijamalizika kuulizwa, kwa hoja kwamba simu imenunuliwa na mzazi, laini imesajiliwa kwa jina la mzazi, bando hulipiwa na mzazi, na mtoto mwenyewe hula na kulala kwa mzazi, hivyo hakuna kilichomo ndani ya chombo hicho kinachoweza kuitwa siri mbele yake. Wengine, ambao ni wachache na aghalabu ni wa mijini, huchukua upande wa pili na kudai kwamba mtoto aachwe kabisa na faragha yake, dai ambalo humwacha mtoto wa miaka 12 peke yake mbele ya watu wazima wenye hila asioweza kuwatambua. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutegemea zaidi wanazuoni wa Kiislamu, kwa sababu wao waliandika kwa kina kuhusu mipaka ya jicho la mwenye mamlaka karne nyingi kabla ya kuwapo simu, na yanatetea msimamo kwamba ulezi humpa mzazi haki pana ya kuweka mipaka na kusimamia kwa uwazi, ila haumpi ruhusa ya kupeleleza kwa siri, isipokuwa katika hali finyu itakayoelezwa. Na kwamba upelelezi wa siri, licha ya kuwa kosa, humwondolea mtoto kinga ambayo angeihitaji zaidi siku ya hatari.

Hoja ya umiliki ndiyo isikikayo zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus huko Khurasani aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Ihya Ulum al-Din, anaifungua sehemu inayohusu malezi kwa kueleza kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake na kwamba moyo wake ni johari ambayo bado haijachorwa kitu. Amana ni kitu ambacho mtu hukabidhiwa akitunze kwa niaba ya mwenyewe hadi siku ya kukirejesha, na mwenye kukitunza hawi mmiliki wake hata kikikaa kwake miaka ishirini. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mtu aliyewekeshwa mfuko uliofungwa kwa lakiri hana ruhusa ya kuivunja lakiri hiyo ili atazame kilichomo, na akiivunja huwa dhamini wa kitakachopotea, hata kama nia yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mali ipo salama. Mtoto si mfuko, bila shaka, na mlezi ana wajibu ambao mwekeshwa mali hana. Hata hivyo kanuni hiyo yatosha kuonyesha kwamba kukabidhiwa kitu na kuruhusiwa kukifungua ni mambo mawili. Tena mazungumzo, tofauti na simu, hayana mwenyewe mmoja. Binti anayemwandikia mwenzake wa darasani kwamba baba yake amepoteza kazi, au kwamba amevunja ungo na hana wa kumwambia, amemkabidhi yule mwenzake siri, na mzazi anayeusoma ujumbe huo ameingia katika sitara ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye mzazi huyo hana ulezi wowote juu yake. Katika mapokeo ya Mtume, hata maneno ambayo mtu ameyasema huku akigeuka kuangalia kama kuna anayesikia huhesabiwa kuwa amana, ingawa hakuna aliyeapishwa kuyaficha.

Kitendo cha kutafuta yale ambayo mtu ameyasitiri huitwa na wanasheria tajassus, na aya ya 12 ya Sura al-Hujurat inakikataza katikati ya makatazo matatu ambayo mpangilio wake unastahili kuzingatiwa: kwanza dhana, kisha kupeleleza, kisha kusengenya. La kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu. Mama anayeshuku huichukua simu mtoto akiwa amelala, huifungua kwa kukigusisha kidole cha mtoto mwenyewe, huona jina la mvulana asiyemfahamu, na kabla jua halijachomoza, shangazi, mama mdogo na kundi zima la WhatsApp la ukoo wameshapewa habari ambayo yumkini inamhusu mwanafunzi aliyekuwa akiulizia hesabu za nyumbani. Al-Ghazali anasimulia kisa cha Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili, ambaye usiku mmoja alipokuwa akizunguka Madina alisikia sauti ndani ya nyumba, akaparamia ukuta na kumkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba kama yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, khalifa amemwasi kwa matatu, kwa kuwa amepeleleza ilhali kupeleleza kumekatazwa, ameingia kwa nyuma ilhali watu wameamriwa kuingia kwa milangoni, na ameingia bila kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar hakubishana naye. Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba alichokishuku khalifa kilikuwa kweli, na bado ukweli wa shaka yake haukuihalalisha njia aliyoitumia kuufikia, jambo ambalo wazazi wanaojitetea kwa kusema kwamba walichokitafuta walikipata hawana budi kulitafakari.

Inaweza kudaiwa kwamba katika simu hakuna ukuta uliorukwa wala mlango uliovunjwa, kwani mzazi ameketi sebuleni kwake akitazama kioo. Lakini yapo mapokeo sahihi kuhusu mtu aliyechungulia kupitia tundu katika nyumba ya Mtume, wakati Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi, naye Mtume akamkemea kwa ukali na kueleza kwamba hukumu ya kuomba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho. Uvamizi, kwa maana hiyo, hutimia kwa kuona, hata kama mguu umebaki nje ya kizingiti. Wala ukaribu wa damu hauiondoi hukumu hiyo: katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba mtu mmoja aliuliza kama anapaswa kuomba idhini anapoingia kwa mama yake mzazi, akasisitiza kwamba anaishi naye nyumba moja na kwamba yeye ndiye anayemhudumia, na kila mara jibu likawa kwamba aombe. Nayo Sura an-Nur, katika aya ya 58 na ya 59, inawafundisha watoto ambao hawajabaleghe kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha, yaani kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha, kisha inawataka, wakishabaleghe, wabishe hodi wakati wote kama watu wazima wengine. Ni kweli kwamba aya hizo zinailinda faragha ya wakubwa dhidi ya wadogo, na si kinyume chake. Hata hivyo ni vigumu kuona namna mtoto atakavyojifunza kuheshimu mlango wa mzazi katika nyumba ambamo yeye mwenyewe hana mlango. Na kilicho muhimu zaidi ni kwamba aya hizo zinaichukulia sitara kuwa kitu kinachokua hatua kwa hatua pamoja na umri, kikianza na nyakati chache na kuishia nyakati zote.

Pingamizi kubwa linatoka ndani ya fiqhi yenyewe. Mtoto hajakamilika kisheria, husemwa, na mzazi ni walii wake, yaani msimamizi mwenye mamlaka ya kuamua kwa niaba yake. Tena ipo kanuni ya kuziba njia zinazoelekea kwenye madhara, ambayo kwayo jambo lililo halali huzuiwa likiwa ni kipito cha haramu. Yote hayo ni kweli, lakini kanuni hiyo inahusu kuziba, na kuziba hakuhitaji kupeleleza. Mzazi anayemkataza mtoto wa miaka 9 asifungue akaunti, anayeagiza simu zote zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, anayekaa na mtoto kuweka akaunti iwe ya watu waliokubaliwa tu, na anayemwambia waziwazi kwamba kila Jumamosi watapitia pamoja orodha ya wanaomfuata, ameziba njia nyingi bila kumchungulia mtu. Biblia nayo inatoa mfano ambao mara nyingi husomwa kijuujuu, wa kuhani Eli wa Shilo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Eli alihukumiwa kwa sababu alizijua habari za wanawe, alizisikia kutoka kwa watu wote, akawaonya kwa maneno ila hakuwazuia. Hakuna mahali anapolaumiwa kwa kutowavizia. Uzembe wake ulikuwa kushindwa kutenda juu ya kilichokuwa wazi, na wazazi wengi wa leo wana kilicho wazi cha kutosha, kama vile mtoto anayekesha na simu hadi saa nane za usiku, kabla ya kuhitaji kilichofichika.

Kuhusu kilichofichika, kipimo kizuri zaidi kinapatikana kwa al-Mawardi, kadhi wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake kuhusu hukumu za utawala, al-Ahkam al-Sultaniyya. Anamzungumzia muhtasibu, yaani ofisa aliyepewa kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu sokoni na mitaani, na anasema kwamba hana ruhusa ya kuchunguza maovu ambayo hayajajitokeza. Kisha anatoa hali inayotoka nje ya kanuni hiyo, nayo ni pale anapopashwa habari na mtu mwaminifu kwamba, kwa mfano, fulani amejitenga na mtu mwingine ili amuue, kwa kuwa hapo kuchelewa kunapoteza kitu kisichoweza kurudishwa. Masharti ni mawili: dalili zenye nguvu, na madhara yasiyotengenezeka. Yakihamishiwa nyumbani, masharti hayo yanamruhusu mzazi, na kwa hakika yanamwajibisha, kuifungua simu ya mtoto pale anapoambiwa na mwalimu au rafiki wa mtoto kwamba kuna mtu mzima aliyepanga kukutana naye, au anapomwona mtoto aliyekuwa mchangamfu ameacha kula, anatetemeka kila simu inapolia, na amepokea fedha zisizojulikana zilikotoka. Hayamruhusu kuifungua kwa sababu ametoka kusikiliza kipindi cha redio kilichomtia hofu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999, unafika karibu na hapo kwa njia nyingine: ibara yake ya 10 inamkinga mtoto dhidi ya kuingiliwa kiholela katika faragha na mawasiliano yake, huku ikibakisha haki ya wazazi ya kusimamia mwenendo wake kwa kadiri inayofaa. Neno kadiri ndilo linalobeba mzigo wote wa ibara hiyo, na mkataba haukulifafanua. Al-Mawardi, kwa bahati, alikuwa ameshafanya kazi hiyo.

Kama jambo lote lingeishia kwenye haki, mzazi mwenye hofu angeweza kusema kwamba yuko tayari kubeba dhambi ya tajassus ili mwanawe awe salama. Namna hatari yenyewe inavyofanya kazi, hata hivyo, inaonyesha kwamba biashara hiyo haimlipi. Mtu mzima, mara nyingi akijificha nyuma ya picha ya kijana wa rika la mtoto, huanza kwa kumsifu chini ya video aliyoichapisha. Baada ya siku chache humwomba wahamie mahali pa faragha zaidi, katika programu ambayo ujumbe hujifuta wenyewe. Humsikiliza kuliko anavyosikilizwa nyumbani, humtumia bando, humwomba picha ya kawaida, kisha picha isiyo ya kawaida. Na akishaipata hubadilika ghafla, akamtaka mtoto alipe fedha au atume nyingine, la sivyo ile ya kwanza itafikishwa kwa wazazi na shuleni. Ukiitazama hila hiyo kwa makini, nguvu yake yote inakopwa kutoka kwa mzazi. Mtoto analipa, na anaendelea kulipa, kwa sababu anaamini kwamba hakuna baya lililo kubwa kuliko baba kujua, na kadiri baba alivyo mkali na mwepesi wa kupekua, ndivyo mhalifu anavyokuwa na mtaji mkubwa zaidi. Ripoti za mradi wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ile ya Kenya ya mwaka 2021 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zilionyesha kwamba mara nyingi mdhalimu ni mtu ambaye mtoto anamjua tangu awali, na kwamba ni watoto wachache mno wanaofikisha habari polisi au kwenye simu za msaada. Programu ya kupeleleza haimtambui mjomba wala jirani kuwa hatari, kwa sababu majina yao yamo katika orodha ya watu wanaoaminiwa. Kinachobaki kuwa kinga ni ulimi wa mtoto, na ulimi huo hufungwa na hofu.

Ni hapa ambapo ushauri wa al-Ghazali, uliomo katika sehemu ileile ya malezi, unashangaza kwa ukali wa utambuzi wake. Anasema kwamba mtoto akifanya kosa mara moja, naye akajitahidi kulificha, mzazi ajifanye kana kwamba hakuliona, asimfedheheshe wala asimwonyeshe kwamba inawezekana mtu kuthubutu jambo kama hilo, kwa sababu kulifichua kunaweza kumpa ujasiri wa kutojali tena kufichuliwa. Akirudia, aonywe faraghani, na aelezwe uzito wa jambo hilo. Wala asikaripiwe kila mara, kwani lawama zikizidi humzoesha mtoto kuzisikia na maneno hupoteza uzito wake moyoni. Haya si mapuuza. Mtoto anayejificha bado ana haya, na haya ni mali ambayo mzazi anayepekua huitumia yote kwa siku moja ya hasira. Kwa wakati huu wa mitandao, ushauri huo unahitaji kiambatisho kimoja, yaani mzazi aseme mapema, kabla ya tukio lolote, kwamba litakalotokea, hata kama mtoto mwenyewe ndiye aliyekosea, aje aseme na hatapigwa wala kunyang'anywa simu siku hiyo. Na ahadi hiyo, ikishatolewa, itimizwe. Mzazi aliyeitimiza ataweza kufanya yanayofaa: kutolipa, kutofuta ujumbe kabla ya kuuhifadhi kama ushahidi, kumzuia mhalifu katika akaunti zote, kupiga simu ya watoto namba 116, ambayo ni ileile Tanzania, Kenya na Uganda, na, kwa Tanzania, kufika katika dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Kwa picha za aibu za walio chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure ya Take It Down, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2023, ambayo huitengenezea picha alama ya kidijiti bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, kisha alama hiyo hutumiwa na kampuni kama Facebook, Instagram na TikTok kuitafuta na kuiondoa kwao.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi, inayohusu aina ya mtu ambaye malezi yanakusudia kumfanya. Mlezi hawezi kuwapo daima, na kila mlezi mwenye busara amelijua hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake wa usia mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alichomwachia bintiye kilikuwa maneno ya kuchukua moyoni mahali ambapo jicho la mama halitafika. Al-Ghazali anasimulia habari za Sahl al-Tustari, sufii wa karne ya 9, ambaye akiwa mtoto mdogo alikuwa akiamka usiku na kumtazama mjomba wake Muhammad bin Sawwar akisali. Mjomba alimfundisha kusema moyoni, bila kuutikisa ulimi, kwamba Mungu yuko pamoja naye, anamtazama na anamshuhudia. Akaanza kwa mara tatu kila usiku, kisha saba, kisha kumi na moja, hadi utamu wake ukaingia moyoni. Hali hiyo huitwa muraqaba, yaani mtu kuishi akijua kwamba anaonwa na Mola wake. Mtu wa haraka anaweza kufikiri kwamba programu ya upelelezi hutoa matokeo hayohayo, kwa kuwa nayo humfanya mtoto ajione anatazamwa. Lakini anayetazamwa na Mungu hawezi kununua simu ya pili. Anayetazamwa na programu anaweza, na hununua, au huazima ya rafiki, au hufungua akaunti mbili, moja ya kuonwa na wazazi na nyingine ya maisha yenyewe, na kwa njia hiyo upelelezi humfundisha mtoto hila kabla haujamfundisha adabu.

Plato, katika Jamhuri, anamweka Glaukoni asimulie juu ya mchungaji wa Lidia aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kufanya uovu mwingi, na swali linaloulizwa hapo ni kama yupo mtu ambaye angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo. Wanaoandika kuhusu mitandao hupenda kumvisha mtoto pete hiyo, kwa kuwa anaweza kujiita jina lolote na kusema lolote. Ni mara chache watu huona kwamba mzazi aliyeweka programu ya siri katika simu ya mwanawe ameivaa pia, maana anaona bila kuonwa na anahukumu bila kuulizwa, na kwamba swali la Glaukoni linamhusu yeye kwanza kwa kuwa ndiye mwenye nguvu zaidi kati ya wawili hao. Akivunjika moyo kazini anaweza kusoma zaidi. Akigombana na mkewe anaweza kutafuta kama mtoto amemwandikia bibi yake habari hizo.

Kama kupeleleza hakufai, na kuacha hakufai, njia ya kati inafananaje? Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyosomwa kwa karne nyingi katika madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja, inayo njia hiyo chini ya jina la ikhtibari, yaani kumjaribu mtoto. Aya ya 6 ya Sura an-Nisai inawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao rushdi, yaani busara ya kuendesha mambo yao wenyewe, wawakabidhi mali zao. Imamu Nawawi, katika Minhaj al-Talibin, anaeleza jaribio hilo kwa namna ya kivitendo kabisa: hufanywa kabla ya baleghe, na kwa mtoto wa mfanyabiashara huwa katika kuuza na kununua; kwa kauli yenye nguvu zaidi, mtoto huachwa apatane bei mwenyewe, na ukifika wakati wa kufunga mkataba, walii ndiye anayeufunga. Yaani mtoto anafanya kazi halisi, na watu halisi, kwa bei halisi, mlezi akiwa amesimama karibu na akijulikana kuwa amesimama, na hatua moja tu, ile ambayo kosa lake halirudishiki, ndiyo iliyobaki mikononi mwa mlezi. Ni vigumu kupata muundo bora zaidi wa kumwingiza mtoto katika mitandao. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuandika, kuchekesha, kubishana na kujifunza, huku mambo machache yanayofanana na kufunga mkataba, kama kumkubali mtu asiyemjua ana kwa ana, kutuma picha yake, kutaja shule au mtaa anaoishi, na kukutana na mtu, yakibaki ni ya kuamuliwa pamoja na mzazi. Nywila ikihitajika, inatolewa na mtoto mwenyewe kwa makubaliano yanayotaja lini itatumika.

Ikumbukwe kwamba umri huo wa miaka 13 unaotajwa na kampuni nyingi za mitandao hauna uhusiano wowote na rushdi. Ulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu ukusanyaji wa taarifa za watoto mtandaoni, iliyozitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za aliye chini ya umri huo, na kampuni zikaona ni rahisi kuwakataa kuliko kuomba idhini. Australia imechukua mkondo mwingine kwa sheria ya mwaka 2024, iliyoanza kutekelezwa Desemba 2025, inayozilazimu kampuni zenyewe kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16, bila kumwadhibu mtoto wala mzazi. Mtu anaweza kuushuku umri huo uliochaguliwa, lakini jambo moja katika sheria hiyo ni la haki: halimwachii mama mwenye kibanda cha mbogamboga peke yake kazi ya kushindana na wahandisi wanaolipwa kumshikilia mwanawe kwenye kioo.

Suala la sitara lina upande ambao wazazi hupenda usitajwe. Mzazi yuleyule anayedai kupekua simu ya binti yake kwa jina la kumlinda, amekuwa akiichapisha aibu ya binti huyo tangu azaliwe: picha akiwa anaogeshwa katika beseni, video akilia kwa kukaripiwa, matokeo yake ya mtihani pamoja na jina la shule, sare yake ikionyesha nembo. Kusitiri, katika maadili ya pwani na ya dini, ni wajibu wa mkubwa kwa mdogo kabla ya kuwa wajibu wa mdogo kwa nafsi yake, na taarifa ambazo mhalifu huzihitaji ili ajifanye rafiki wa familia mara nyingi zimeanikwa na familia yenyewe. Mtoto aliyezoea kuona mwili wake na machozi yake yakitazamwa na watu mia tatu asiowajua hana sababu ya kushangaa mgeni anapomwomba picha nyingine.

Limebaki suala la usawa, ambalo fiqhi ya ikhtibari inaligusa bila kukusudia. Katika nyumba nyingi binti hupekuliwa na kaka yake huachwa, kwa dhana kwamba aibu ya msichana ndiyo inayoweza kuvunja jina la ukoo. Wakati huohuo, onyo ambalo FBI ya Marekani imelitoa mara kwa mara kuhusu utapeli wa picha za ngono unaodai fedha ni kwamba walengwa wake wakuu ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Mlezi anayewajaribu wote kwa kipimo kimoja anaiepuka dhuluma hiyo, na pia anapata kitu ambacho mpekuzi hana, yaani siku ya kumaliza. Aya ileile ya Sura an-Nisai inamtaka mlezi, anapomkabidhi yatima mali yake, aweke mashahidi, kwa sababu ulezi una mwisho na mwisho huo unapaswa kujulikana. Mzazi anayemwambia kijana wake kwamba, akimaliza kidato cha pili bila kuvunja makubaliano, atabadilisha nywila awe anaijua mwenyewe, na siku hiyo ikifika akafanya hivyo mezani mbele ya wote, ameweka mashahidi wake. Na mmoja wa mashahidi hao ni mdogo wake kijana, ambaye kuanzia jioni hiyo ataanza kuuliza yeye anatakiwa kutimiza nini.